Uliza Fundi: Ukurasa wa wote na ukurasa wa mtu mmoja

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka palepale, rivasi proksi na kache, sijui nani kawaambukiza. Nimechukua zile ambazo zikijibiwa na wengine watapona humohumo.

Fundi shikamoo. Nina tovuti ya habari na matokeo ya mechi, ipo kwenye seva moja ndogo ya kukodi, RAM GB 2, Apache na PHP na databesi vyote humohumo. Siku za kawaida inaenda tu, shida ni pale mtu anaporusha linki kwenye magrupu, watu wanafungua kwa mpigo na seva inakata pumzi mpaka niiristati. Jamaa mmoja kaniambia niweke rivasi proksi na kache mbele yake, mwingine anasema nichukue seva kubwa niache kujitesa. Nimsikilize nani? Na hiyo rivasi proksi ndo nini hasa? — Seva Inahema

Marahaba. Msikilize huyo wa kwanza, ila usikimbie kufanya leo leo, nitakwambia kwa nini.

Rivasi hapa siyo ile ya gari. Proksi ya kawaida inakaa upande wa watumiaji, inaenda huko nje kwa niaba yao. Hii imegeuzwa, inakaa upande wa seva, mgeni anagonga kwake akidhani ndo tovuti yenyewe, inapokea, inaenda kuuliza kwa Apache, ile programu inayotoa kurasa zako, huko nyuma, inarudi na jibu, mgeni hata hajui kama kuna mtu nyuma. Na kwa vile kila jibu linapita mikononi mwake inaweza kubaki na nakala, akija mwingine na swali lilelile anapewa ile nakala bila Apache kuamshwa. Hiyo nakala ndo kache, kwenye simu yako wameiandika akiba.

Piga hesabu na mimi. Chukulia ukurasa wako wa mbele unatumia sekunde 0.8 kutengenezwa, na PHP yako, yaani programu inayozipika kurasa, inahudumia watu 4 kwa wakati mmoja, maana yake uwezo wako ni kurasa 5 kwa sekunde, basi. Linki ikarushwa, wakafungua watu 300 ndani ya sekunde 10, hapo umeweza kuwahudumia 50, wengine 250 wapo foleni, na mtu akiwa foleni hatulii, anarifreshi, kila akirifreshi kaongeza ombi jipya wakati lile la kwanza seva bado inalihangaikia. Ndo pale inapokata pumzi. Seva kubwa mara mbili ingehudumia 100, bado 200 wanarifreshi. Sasa weka kache ya sekunde 10, siyo masaa, sekunde kumi tu, PHP inatengeneza ukurasa mara moja na wale 299 wanapewa nakala, na hakuna msomaji atakayelalamika kwamba matokeo ya mechi yamechelewa sekunde kumi.

Programu za kazi hii zipo kadhaa. Nginx aliiandika Igor Sysoev, ikatoka kwa watu wote mwaka 2004, kichwani mwake akiwa na tatizo la kuhudumia miunganisho elfu kumi kwa wakati mmoja kwenye mashine moja. Varnish ilitoka 2006, Poul-Henning Kamp aliiandika kwa ajili ya gazeti la Norway linaloitwa VG, yaani imezaliwa kwenye tovuti ya habari kama yako, na kwenye kache peke yake ina maufundi mengi kuliko nginx. Ila kijadi Varnish haishughuliki na https, inabidi uweke kitu kingine mbele yake kifungue usimbaji ndo kiipasie, sasa kwenye seva ya GB 2 na wewe ndo unaanza utakuwa na vitu vitatu vya kulaumu kila kikiharibika kimoja. Anza na nginx peke yake.

Apache ihamishe kutoka poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, iende 8080, na iambie isikilize 127.0.0.1 tu, yaani anwani ya seva kujiita yenyewe, ili mtu wa nje asiweze kuiruka nginx akaingia mlango wa nyuma. Alafu kwenye nginx, ule mstari wa kwanza unakaa nje kwenye sehemu ya http, huo mwingine ndani ya server:

```
proxy_cache_path /var/cache/nginx/habari levels=1:2 keys_zone=habari:10m
                 max_size=1g inactive=60m use_temp_path=off;

location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;

    proxy_cache habari;
    proxy_cache_key $scheme$host$request_uri;
    proxy_cache_valid 200 10s;
    proxy_cache_lock on;
    proxy_cache_use_stale error timeout updating http_500 http_502;
    proxy_cache_background_update on;

    proxy_cache_bypass $cookie_kitambulisho;
    proxy_no_cache $cookie_kitambulisho;
    add_header X-Cache-Status $upstream_cache_status;
}
```

Ile 10m watu wengi wanaisoma vibaya, wanadhani ndo ukubwa wa kache. Hapana, hiyo ni RAM ya kutunzia orodha ya funguo, MB 1 inabeba kama funguo 8,000 kwa hiyo 10 zinakutosha na zaidi, kurasa zenyewe zinakaa kwenye diski na kikomo chake ni ile max_size. Na inactive maana yake nakala isipoguswa na mtu kwa dakika 60 inafutwa hata kama muda wake haujaisha, usipoiandika wanakupa dakika 10.

Mistari miwili ndo itakuokoa siku ya linki. proxy_cache_lock, bila hiyo nakala isipokuwepo watu mia wakifika kwa pamoja wote mia wanapelekwa kwa Apache kutafuta ukurasa uleule mmoja, ikiwepo anaenda mmoja wengine wanamsubiri. Na proxy_cache_use_stale inasema Apache ikianguka toa nakala ya zamani kuliko kumwonyesha mtu kosa, na hilo neno updating pamoja na mstari unaofuata linamaanisha nakala ikiisha muda watu waendelee kupewa ya zamani wakati mpya inapikwa kimyakimya huko nyuma. Kwa tovuti ya habari mi naona hiyo ni bora hata kuliko spidi yenyewe.

Sasa ile ya kutokukimbia. Kabla hujawasha chochote, kaa chini uorodheshe kurasa zako ujiulize kila mmoja ni wa wote au ni wa mtu mmoja. Habari ya mechi ni ya wote. Ukurasa wa admini, akaunti ya msomaji, fomu aliyoanza kujaza, hivyo ni vya mtu mmoja na nakala yake isikanyage kwenye diski. Ile $cookie_kitambulisho ndo inafanya hiyo kazi, mtu akija na kuki ya kulogini, yaani alama ndogo ambayo brauza inaibeba ili atambulike, anapitishwa moja kwa moja hadi Apache na jibu lake halihifadhiwi, wewe badilisha jina liwe la kuki ya programu yako. Kama programu inaweka kuki hiyohiyo kwa kila mtu hata asiyelogini, soma barua inayofuata kwanza.

Ukimaliza kuandika piga nginx -t, isipolalamika ndo urilodi. Rilodi, siyo kuristati, rilodi haimkati mtu aliyekuwa katikati ya kusoma.

Kaka Fundi, nimeweka kache vizuri kabisa lakini kila nikiangalia heda ya X-Cache-Status ni MISS, MISS, MISS, siku ya tatu sasa sijaona HIT hata moja. Nimeona mahali wanasema niweke proxy_ignore_headers, nimeogopa nikaona nikuulize. — Misi Kila Siku

Woga wako umekusaidia sana. MISS maana yake jibu limetoka Apache, HIT limetoka kwenye nakala. Fanya hivi kwanza, kwenye seva yako andika curl -I na anwani ya Apache yenyewe ile ya 8080, usome heda zinazorudi, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa wenyewe. Naweka dau utaona Set-Cookie, heda ya kumpa mgeni kuki, na karibu yake utaona Expires imeandikwa tarehe 19 Novemba 1981. Usishtuke, seva yako haijarudi utotoni, hiyo tarehe imo ndani ya PHP yenyewe, ukifungua sesheni tu, yaani kumbukumbu ya kumfuata mgeni mmoja, PHP inatuma hiyo pamoja na Cache-Control yenye no-store, yaani inapiga kelele kwamba jibu hili ni la mtu mmoja msilitunze. Nginx inasikia, inatii, ndo maana MISS. Hata Set-Cookie peke yake inatosha kuifanya isihifadhi, na hizo heda zina nguvu kuliko proxy_cache_valid yako.

Kwa hiyo nginx haina kosa, programu yako inafungua sesheni kwa kila mpita njia hata aliyekuja kusoma habari moja akaondoka. Tafuta session_start inaitwa wapi, mara nyingi iko kwenye faili linaloingizwa kila ukurasa, ihamishe iitwe pale mtu anapologini au anapoweka kitu kikapuni. Ni kazi ya jioni moja, na HIT zitakuja zenyewe.

Ile njia ya mkato ya proxy_ignore_headers naijua maana imenitia aibu. Tovuti ya mteja mmoja, nilikuwa na haraka, nikaweka mstari wa kupuuza Set-Cookie na Cache-Control na Expires, HIT zikaanza kumiminika nikajiona bingwa nikaenda kulala. Asubuhi simu, dada mmoja kafungua tovuti kakuta kaandikiwa karibu kwa jina la mwanaume asiyemjua, akabofya akaunti yangu, akakuta oda za huyo mwanaume mpaka namba yake ya simu. Kilichotokea ni kwamba jibu la yule wa kwanza lilikuja na kuki yake ya sesheni, nginx ikahifadhi ukurasa pamoja na ile kuki, kila aliyefuata akagaiwa ukurasa na ufunguo wa jamaa juu yake. Nilizima kache yote, nikafuta sesheni zote za kwenye seva ili watu walogini upya, alafu ndo nikaanza kuomba radhi.

Na hayajawakuta wadogo tu. Tarehe 25 Desemba 2015 Steam, duka la magemu la Valve, lilikuwa linashambuliwa kwa trafiki, ikawashwa mipangilio ya kache ya kupunguza mzigo na mmojawapo ukawa na makosa, watu wakawa wanafungua kurasa za akaunti wanakuta za wengine. Valve wenyewe walisema walioathirika ni kama watumiaji 34,000. Ona ilivyotokea, siyo siku ya kawaida, ni siku ya presha, mtu anataka seva ipumue na hana muda wa kujiuliza ukurasa huu ni wa nani.

Fundi, nina tovuti mbili kwenye seva moja, zote nyuma ya nginx moja. Jana mtu kafungua ya pili akakuta ukurasa wa mbele wa ile ya kwanza! Nikirifreshi mara ni sawa mara siyo sawa. — Mapacha

Hii nimeipenda. Usipoandika proxy_cache_key mwenyewe, nginx inatengeneza ufunguo kwa $proxy_host, na $proxy_host ni lile jina uliloliweka kwenye proxy_pass, siyo domeni aliyoandika mgeni. Tovuti zako zote mbili zinaenda 127.0.0.1:8080, kwa hiyo kwa nginx ukurasa wa mbele wa hii na wa ile una ufunguo mmoja, na anayewahi ndo anajaza. Weka $host kama nilivyoweka hapo juu kwa Seva Inahema, na kila tovuti ipe keys_zone yake. Alafu futa yaliyomo kwenye folda ya kache maana yale ya mchanganyiko bado yapo.

Habari Fundi. Tangu niweke proksi, logi za Apache zinaonyesha wageni wote wanatoka 127.0.0.1. Kulikuwa na mtu anamwaga spamu kwenye maoni, nikamfungia kwa IP, tovuti nzima ikafungiwa. Pia nikiwasha https brauza inasema ukurasa unazunguka bila mwisho. — Nimejifungia Nje

Pole, ila nimecheka. Umemfungia mlinzi wako mwenyewe. Apache sasa hivi haongei na watu, anaongea na nginx tu, na nginx iko 127.0.0.1. Anwani ya kweli inakuja ndani ya heda ya X-Forwarded-For, unachotakiwa ni kumwambia Apache aisome: washa mod_remoteip, andika RemoteIPHeader X-Forwarded-For na chini yake RemoteIPInternalProxy 127.0.0.1. Kwenye LogFormat badilisha %h iwe %a, wengi wanasahau hiyo alafu wanasema haifanyi kazi. Huo mstari wa 127.0.0.1 usiuache, unamwambia Apache aiamini heda pale tu inapoletwa na nginx yako, maana heda yeyote anaweza kuiandika, mtu wa spamu akijua unaiamini kutoka kokote atajipa IP anayoitaka.

Ya kuzunguka ni ndugu ya hiyohiyo. Mgeni anakuja kwa https, nginx inafungua, inampelekea Apache kwa http ya kawaida, programu inaona http inasema hapana nenda https, mgeni anaenda https, nginx inampelekea Apache kwa http, mpaka brauza inachoka. Dawa ni X-Forwarded-Proto, nginx itume na programu yako iambiwe iiangalie hiyo badala ya kuangalia poti, programu nyingi zina sehemu ya kuweka orodha ya proksi zinazoaminika, itafute.

Fundi, bosi wangu anarekebisha kichwa cha habari alafu ananipigia simu kwamba bado anaona cha zamani. Nimefuta kache ya nginx yote, yeye bado anaona cha zamani, mimi kwangu naona kipya. Ananiona mwongo. — Kijana wa IT

Wewe siyo mwongo, mdogo wangu, ni kwamba kache zipo mbili na wewe unashika moja tu. Ya nginx iko kwako, unaifuta ukitaka. Ya pili iko ndani ya brauza ya bosi na huko huna mkono, ulichomwambia mara ya kwanza ndo atakishika mpaka muda uishe. Angalia heda zako, nahisi mtu aliweka max-age, yaani muda wa kutunza nakala, ya siku nzima au zaidi kwenye kurasa za habari. Tenganisha, kwenye Cache-Control weka max-age=0 na s-maxage=60, s-maxage inasomwa na kache za katikati kama nginx, brauza haiijali, kwa hiyo nginx inatunza dakika moja na brauza inarudi kuuliza kila mara. Picha na faili za CSS ndo zipe muda mrefu hata mwaka, ila majina yake yabadilike kila ukizigusa, mtindo.3.css leo, kesho mtindo.4.css.

Nginx ya bure haiji na amri ya kufuta ukurasa mmoja mmoja, hiyo ipo kwenye toleo la kulipia, au uongeze moduli ya nje. Varnish inayo tangu mwanzo na kama kazi yenu ni kurekebisha habari kutwa nzima hapo ndo ningeanza kuifikiria. Ila kwa muda wa dakika moja kusema kweli sioni mnachofutia. Leo mwambie bosi abonyeze Ctrl na F5, na umwambie ukiwa umesimama nyuma yake.

Makosa ya 502 na 504, tofauti ni nini? Zinanitokea zote. — Mfupi

Na mimi nitakuwa mfupi. 502 mara nyingi ni nginx imegonga nyuma na haikufunguliwa au ilijibiwa kitu kisichoeleweka, kaangalie kama Apache iko hai na kama poti ni ileile. Ukikuta kwenye logi imeandikwa 13: Permission denied na upo kwenye familia ya Red Hat, hiyo ni SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, andika setsebool -P httpd_can_network_connect 1, usiizime SELinux yote kama wanavyokushauri vijiweni. 504 ni ilifunguliwa lakini jibu limechelewa, nginx kwa difolti inasubiri sekunde 60. Unaweza kuongeza proxy_read_timeout, ila ukurasa unaotumia zaidi ya dakika nzima kutengenezwa, kaitafute hiyo kweri ya databesi kwanza.